Nebula ya Jabari: nyota moja, shimo zima

Picha za Nebula ya Jabari (M42), wingu kubwa la gesi na vumbi angani, humfanya mtu adhani gesi ile inawaka yenyewe. Haiwaki. Kazi karibu yote ya kuing'arisha ni ya nyota moja, Theta1 Orionis C, mojawapo ya nyota nne zilizokaribiana ziitwazo Trapezio, katikati ya fungunyota changa lenye umri wa miaka milioni 1 hadi 3, umbali wa miakanuru 1,350 hivi.

Joto la uso wake linakaribia kelvini 39,000, kwa hiyo sehemu kubwa ya nuru yake ni urujuanimno, nuru ya mawimbi mafupi ambayo jicho haliioni. Mawimbi mafupi kuliko nanomita 91.2 hung'oa elektroni kwenye atomu ya hidrojeni. Gesi iliyokuwa na kelvini 10 au 20 hupanda hadi karibu 10,000, shinikizo linaruka, na gesi inatafuta pa kutokea. Nyota hizi zilizaliwa pembeni mwa wingu, upande unaotuelekea, ambako ukuta ulikuwa mwembamba. Ukapasuka huko. Fungunyota lililozaliwa katikati kabisa hufunikwa na vumbi, tukaliona kwa infraredi tu.

Upepo wa nyota hiyo, wenye kasi ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde, mara nyingi umechukuliwa kuwa msaidizi tu. Nadhani ulidharauliwa. Mwaka 2019, vipimo vya SOFIA, darubini iliyobebwa na ndege, katika nuru ya infraredi ya mikromita 158 itolewayo na kaboni, vilionyesha gamba la gesi linalotanuka kwa kilomita 13 kwa sekunde. Ni upepo uliolisukuma, na gesi iliyofagiliwa hivyo haizai tena nyota pale karibu.

Majirani nao wanaumia: sahani za gesi na vumbi zinazozunguka nyota changa zinavukizwa, na Hubble huziona kama viluwiluwi, kichwa kikiielekea Theta1 C, mkia nyuma.

Tanga na Pemba, nebula hupita karibu na utosi, katikati ya Januari mnamo saa nne na nusu usiku. Darubini yenye kipenyo cha milimita 100 ikikuza mara 80 hutenganisha nyota zote nne. Wekundu usiutarajie: gizani jicho halihisi vizuri nanomita 656, nuru nyekundu ya hidrojeni, huona kijivu chenye ukijani wa oksijeni. Kwa kamera, picha ya sekunde 120 hugeuza Trapezio kuwa doa jeupe. Piga nyingine za sekunde 5 hadi 10, kisha uziunganishe. Wekundu ukiwa hafifu bado, chanzo ni kichujio kilicho mbele ya kihisio cha kamera ya kawaida, nacho huzuia sehemu kubwa ya nanomita hizo hizo 656.