Dodoma hadi Ziwa Natron kwa Gari la Kulala: Namna Nilivyoipanga Safari

Wengi walioniuliza habari za safari yetu ya Ziwa Natron walitaka kujua ni kilomita ngapi kutoka Dodoma, ilhali kilomita ndizo zilizonishughulisha kidogo kuliko vyote. Barabara ya lami inayopita Kondoa, Kolo na Babati hadi Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, haihitaji mpango mkubwa: mafuta yapo, chakula kipo, na mwenye nafasi anaweza kusimama Kolo akatazame michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Karibu hesabu zangu zote nilizielekeza kwenye kipande cha vumbi kitokacho Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Engare Sero, kijiji kilicho karibu na ziwa, chini ya mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai.

Nilianza na maji, kwa sababu ya ziwani ni ya magadi, hayanyweki wala hayapikiwi. Nilikadiria lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, nikaongeza akiba ya siku mbili, maana gari likiharibika huko fundi hayuko jirani. Ya kuoga sikuyapigia hesabu, na wanangu hawakulalamika hata kidogo. Kwa dizeli, nilichukua ulaji wa gari kwenye lami nikauongezea nusu, kwa kuwa mchanga na majivu ya volkano hulazimisha gia nzito. Tangi na madumu ya akiba tulivijaza Mto wa Mbu, ili tusitegemee mafuta ya kuuziwa njiani.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya zamani tuliyoitoa viti vya nyuma, na seremala wa Chang'ombe, hapa Dodoma, akatutengenezea kitanda cha mbao chenye nafasi ya mizigo chini yake. Nilipomuuliza fundi wetu wa gereji kuhusu madumu, alipima kwa macho urefu wa keria, akatikisa kichwa.

"Mama, dumu moja la maji ni kilo ishirini. Ukipandisha matano huko juu, kwenye korongo gari litalala ubavu."

Tuliyapanga sakafuni, nyuma ya viti vya mbele, yakafungwa kwa mikanda. Kwenye keria tukaacha turubai na tairi la pili la spea.

Mwezi niliochagua ni Julai. Masika huwa yamekwisha, na hilo ni jambo kubwa, kwani mvua ikinyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro maji huweza kushuka korongoni huku anga ulipo wewe ni jeupe. Hata hivyo, kabla ya kila korongo mume wangu alishuka akalivuka kwanza kwa miguu, na penye mchanga mzito tulipunguza upepo wa matairi. Vumbi la huko ni laini mno, hivyo chujio la hewa tulilipuliza kila jioni. Fedha za ushuru wa halmashauri nilizitenga mapema, na risiti nikazihifadhi mahali pamoja.

Tulirejea Mto wa Mbu na dumu moja la maji ambalo halijaguswa na dizeli ya kutosha kufika Karatu. Nikipita tena njia ile nitabeba kiasi kile kile.