Wino kwenye dole gumba la bibi wa Uru

Nimestaafu upelelezi, na katika majalada yote niliyoyashika Moshi hakuna ninalojivunia kama la bibi mmoja wa Uru. Nasimulia kwa sababu askari vijana bado wanapewa ushauri uleule niliopewa mimi: "Bibi wa miaka themanini na kitu, unatafuta nini? Andika kifo cha kawaida, wazike." Uzee haumzibi mtu pumzi.

Taarifa haikutoka kwa ndugu. Aliileta mama jirani aliyemwosha marehemu, akashuka mjini alfajiri ya siku ya mazishi. "Baba, nimekisugua kidole hiki kwa sabuni na dodoki, hakitakati," aliniambia. Dole gumba la kushoto la marehemu lilikuwa na wino wa zambarau, ule wa pedi ya mhuri, umeingia kwenye mistari ya ngozi na chini ya ukucha. Jioni ya mwisho walikuwa wamemenya ndizi pamoja, na wino haukuwepo. Mwanamke kama huyo akija kituoni, mpe kiti na umsikilize hadi amalize.

Mazishi yalikuwa saa nane mchana. Mkubwa mmoja akaagiza twende na gari na askari wenye silaha, tuuchukue mwili, hakuna majadiliano. Tukaenda. Turubai limefungwa, padri ameshavaa, kaburi limechimbwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, pembeni ya migomba. Land Rover ilipoingia tu, vijana wakakaa chini mbele ya magurudumu. Kina mama wakaangua kilio upya. Jamaa mmoja akapaza sauti kwamba polisi wamekuja kumpasua bibi wauze viungo vyake, na hapo mawe yakaanza kuokotwa. Nilimwambia dereva ageuze. Kumwagika damu kwenye msiba kusingemsaidia marehemu.

Nikarudi peke yangu, kiraia, kwa miguu kutoka barabarani, na jani la sale mkononi. Mimi si Mchaga, lakini nimekaa nao vya kutosha kujua kwamba anayekuja na sale kuomba radhi hafukuzwi kabla ya kusikilizwa. Nikamwendea mzee wa ukoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umerudi tena?"

"Nimerudi kuomba siku moja tu. Wazee wawili wa ukoo waingie na daktari, waone kila anachofanya. Kesho saa nane mnazika."

Akalipokea jani, akakaa nalo muda mrefu, akaita wenzake pembeni. Waliporudi alisema, "Kesho saa nane. Isipite." Haikupita.

Daktari alipofunua kope tuliona vidoa vyekundu vidogo kama ncha za pini. Kisha akaugeuza mdomo wa juu. Bibi alikuwa amebakiza meno mawili ya mbele, na ndani ya mdomo, palepale meno yalipo, palikuwa na mchubuko. Akatueleza kwamba mto laini unaweza kumziba mtu pumzi bila kuacha alama, hasa kikongwe asiye na meno. Yale mawili ndiyo yaliyotuonyesha kilichotokea. Mmoja wa wazee alitoka nje akashika ukuta.

Haikuchukua muda, mtoto wa kaka wa marehemu akatoa mkataba wa mauziano ya kihamba wenye alama ya dole gumba, na tarehe ya wiki kadhaa kabla ya kifo. Alisema shangazi yake hakujua kuandika. Nilikwenda chama cha msingi cha kahawa, nikaomba vitabu vya malipo. Msimu baada ya msimu, bibi ameandika jina lake kwa mkono wake, herufi kubwa zinazolalia kushoto. Alisoma elimu ya watu wazima, ule mwaka 1970 ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu hiyo. Anayesaini fedha ya kahawa atawekaje dole kwenye kihamba cha mumewe? Mihtasari ya halmashauri ya kijiji nayo haikuwa na hata mstari mmoja kuhusu mauziano hayo.

Wenzangu walitaka nimlaze mahabusu kwanza "alainike". Nilikataa. Sheria inatoa saa 4 za kumhoji tangu unapomshika, na zikipita bila kuongezwa kwa utaratibu, wakili atayararua maelezo ya onyo mahakamani. Nilimkamata asubuhi, nikampa onyo na haki zake, nikamaliza mapema. Pedi tuliipata kwenye sanduku lake la bati, na mwenyekiti wa kitongoji akasaini hati ya ukamataji mali. Mafuta na nauli za mashahidi zilinitoka mfukoni, laki na ushee, wala sikurudishiwa.

Mahakama Kuu ilipoketi Moshi, wakili wa utetezi alimbana mama jirani: amejuaje kama ule ni wino na si utomvu wa ndizi, maana jioni ile walikuwa wakimenya?

"Mwanangu," alimjibu, "utomvu wa ndizi ni mweusi. Nimeufua kwenye nguo maisha yangu yote."

Mshtakiwa alitiwa hatiani. Kihamba anacho binti wa marehemu, na kahawa yake anaipeleka chama kilekile.