Milingoti 210

Kijana mmoja aliniahidi kitanda. Alichukua nauli na elfu kumi na tano juu yake, akasema vitanda vimekwisha lakini yeye ana njia. Nilipopanda behewani usiku ule pale Dodoma nikakuta njia yake imeishia kwenye kiti, tena kiti cha watu watatu ambacho tayari kilikuwa na wanne. Niliumia. Mwalimu wa shule ya kata anajua elfu kumi na tano ni kitu gani mwezi wa Desemba, sare na madaftari ya Januari yakiwa yanamsubiri. Lakini zaidi niliumia kwa sababu safari hii nilikuwa nimeahidiwa kwa miaka mingi, na aliyeniahidi ndiye niliyekuwa nakwenda kumzuru kaburini. Nikabana kwenye ukingo wa kiti, nikapakata begi lake.

Ndani ya begi mlikuwa na tai moja, daftari la maandalio ya masomo, boksi la chaki za rangi alizokuwa ananunua kwa pesa yake, na bahasha ya rambirambi kutoka ofisi ya walimu.

Tulifundisha pamoja miaka tisa, meza zetu zikitazamana. Mimi Kiswahili, yeye Jiografia. Kwao ni Ujiji, na wanafunzi walimwita Mwalimu Tanganyika. Shule yetu iko nje kidogo ya mji, mahali ambapo maji hununuliwa kwa dumu na mto huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Watoto wengi pale hawajaona maji mengi kuliko ya lambo. Basi ilipofika mada ya maziwa aliwatoa darasani akawasimamisha chini ya mlingoti wa bendera. Ule wetu una mita 7. Aliupima mwenyewe kwa kivuli. Kisha anauliza: tukizamisha mlingoti huu katika Ziwa Tanganyika, pale penye kina kirefu kuliko pote, itabidi tuunganishe mingapi ili bendera ichungulie nje ya maji? Watoto wanachuchumaa, wanapiga hesabu mchangani kwa vijiti. Mita 1,470, gawanya kwa 7. "Milingoti 210!" Nilikuwa nawasikia nikiwa darasani kwangu, na kila mwaka kuna mtoto mmoja aliyekataa kuamini. Huyo ndiye aliyempenda kuliko wote. Jiografia ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, lakini ikifika ziwa la kwao alikiacha Kiingereza mlangoni.

Mwezi Machi alianza kulalamika kichwa. Tulimpa panadol, sisi wote, na mimi wa kwanza, maana droo yangu haikukosa. Kumbe presha ilikuwa inamla figo. Agosti akawa anasafishwa damu. Tukachanga, wazazi wakachanga, hata watoto walileta mia mia zao. Wakati fulani aliniambia kwa sauti ndogo kwamba anataka kurudi kwa mama yake. Alifariki mwanzoni mwa Novemba, ana miaka 34. Siku hiyo nilikuwa nasimamia mtihani wa kidato cha nne. Nilipotoka chumbani na kuwasha simu, ndugu zake walikuwa wamekwisha kutoka makaburini.

"Siku nikikupeleka Kigoma," alizoea kusema, "tutakwenda kwa treni. Kwa basi utafika, lakini hutakuwa umesafiri."

Saranda wauza chakula walipanda na kuku, nikanunua kipande kwa bei ya kuku mzima wa kijijini kwetu. Itigi sikuiona, nilikuwa nimelala wima. Tabora tulifika asubuhi, mabehewa ya Mwanza yakakatwa, wauza asali wakajaa madirishani. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka kwa usiku mzima na nusu siku.

Halafu tulipita Kaliua, na kabla ya kufika Usinge treni ikasimama porini. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Baada ya saa moja wanaume wakaanza kushuka. Habari ikaja behewa kwa behewa: mvua imekula tuta mbele, mafundi wanakuja. Tulisimama pale kuanzia saa saba mchana hadi baada ya saa sita za usiku. Mbung'o waliingia madirishani, na ukifunga dirisha unapikwa. Maji ya chupa yaliyokuwa mia tano yakawa elfu, jioni yakawa elfu moja na mia tano, na tulinunua. Choo sitaki kukisimulia.

Jirani yangu kitini alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa, anayerudi Kigoma baada ya kushusha magunia Tabora na Dodoma. Alinitazama nilivyolikumbatia begi, akaniuliza, "Baba, umebeba nini hapo hata usiku hukiweki chini?" Nikamwambia. Alinyamaza kitambo. Akafungua mfuko wake, akanigawia mihogo ya kuchemsha na karanga, akasema, "Pole. Sasa kula, huko unakokwenda hawatakupokea vizuri ukiwa na uso huo."

Saa zile zote alinifundisha dagaa. Kuna wa mchangani, wanaoanikwa chini, hao utawala ukitafuna mawe. Na kuna wa chanja, wanaoanikwa juu ya wavu, hao ndio wa kumpa mgeni, na bei yake ndiyo inayomfanya mtu wa Dodoma alalamike. Ziwa lilipofungwa miezi 3 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, aliuza vitenge, hakuona faida. "Mimi vitenge sivijui," alisema. "Dagaa hata gizani nikimshika namjua wa lini."

Giza lilipoingia watu walikoka moto kando ya reli. Nikakaa kwenye tuta nikamkumbuka akinisimulia jinsi reli hii ilivyobeba meli. Ni habari ya kweli na aliipenda mno. Wajerumani waliifikisha reli Kigoma mwaka 1914, na juu yake wakapitisha meli waliyoiunda kwao, wakaifungua vipande vipande na kuvitia masandukuni. Wakaiunga upya ziwani, ikashuka majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata vita vikawaelemea wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Hapo kwenye kuinuliwa alikuwa anasimama kwenye kiti cha ofisini, ananyanyua mikono yote miwili kama mtu anayetoa kitu kizito kisimani. "Miaka minane chini ya maji, mwalimu! Miaka minane!" Nilikaa pale gizani, nimeshika vyuma vilevile, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Yule mama aliniona. Alikuja akakaa hatua chache kutoka kwangu, akanigeuzia mgongo, akawa anawafukuza watoto wasisogee.

Uvinza, Kazuramimba, sikumbuki. Kigoma tulifika kesho yake. Kituo cha zamani kipo karibu kabisa na maji, na ninakiri kwamba mara ya kwanza nililitazama ziwa nikadhani ni mbingu, kwa sababu sikutegemea kitu cha rangi ile kuwa chini. Milima ya Kongo ng'ambo ilikuwa kama moshi. Nilijikuta natafuta kwa macho vitu nilivyokwisha kuambiwa: mitumbwi ya Kibirizi kule, bandari hapa, njia ya kupanda Mwanga ile. Vyote vilikuwa mahali alipoviweka.

Nyumba ya wageni ilinitoza elfu ishirini na tano. Feni haizunguki, na maji ya kuoga ni ya ndoo moja, ukitaka ya pili unalipia. Ziwa lenyewe linaonekana dirishani.

Ujiji ni kilomita chache tu, nilipanda daladala. Ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871, nilioneshwa kibao chake, sikushuka. Nyumba ya kwao niliipata kwa kuuliza mara moja, "kwa mwalimu aliyefariki."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa meza ya mbele yake."

Sikuwa nimejitambulisha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuniachia mpaka tulipokaa mkekani. Shemeji yangu, mke wa marehemu, alikuwa ndani kwenye eda. Alinisalimu nyuma ya pazia, akaniuliza habari za walimu mmoja mmoja kwa majina yao, na sauti ilimkatika alipofika kwa mwalimu wa zamu aliyemchukua mume wake hospitali siku ya kwanza. Nilikabidhi bahasha. Kaka yake akanipeleka makaburini. Kaburi bado ni udongo mwekundu uliotuna, na kichwani pamechomekwa ubao. Tulisoma Fatiha, yeye akiongoza na mimi nikiinamisha kichwa, maana mimi ni Mkristo, na marehemu ndiye aliyekuwa ananikumbusha Kwaresima kila mwaka.

Tuliporudi nikafungua begi. Tai mama aliikunja akaiweka kando. Daftari la maandalio alilipekua pole pole, hasomi vizuri bila miwani. Alipofika kwenye chaki alizitoa zote, akazipanga mkekani: nyeupe, njano, bluu, nyekundu. Kisha akasema:

"Mwanangu nimemzaa, nimemsomesha, nimemuuguza, nimemuaga. Kufundisha sijamwona. Hebu nioneshe alivyokuwa akifundisha."

Nikasema mama, mimi si mwalimu wa Jiografia. Akasema hajaomba Jiografia.

Palikuwa na mlango wa stoo, mbao zimeiva kwa moshi hadi zimekuwa nyeusi. Nilisimama mbele yake na chaki ya bluu. Watoto wa uani walikaribia, kisha majirani, kisha kaka yake akaleta kigoda. Nilichora ziwa kama yeye alivyolichora, kwa mkono mmoja bila kuinua chaki, refu na jembamba kama ndizi iliyosimama. Nikaweka nchi nne: Tanzania huku, Kongo ng'ambo, Burundi juu, Zambia chini. Malagarasi ukiingia, Lukuga ukitoka kwenda Mto Kongo mpaka bahari ya magharibi. Kisha nikageuka, nikakuta nimeinua chaki usawa wa sikio, mguu mmoja mbele, na nasema, "Haya sasa, nani ananipa kina?" Mimi sifundishi hivyo. Mimi hufundisha nimekaa. Ule ulikuwa mguu wake na ile ilikuwa sauti yake, na mama aliziba mdomo kwa upande wa khanga.

Hakuna aliyejua kina. Watoto waliozaliwa juu ya maji yale hawakujua, maana hawakuwa na haja. Nikawaambia 1,470, nikawaambia kwamba duniani linalolizidi ni moja tu, Baikal, kule Urusi. Kijana mmoja wa kama miaka kumi akasema, "Mwongo." Nilicheka kwa furaha niliyoisahau. Mlingoti wa bendera haukuwepo, basi nikawaonesha mchikichi uliokuwa kona ya ua. Tukabishana urefu wake, tukakubaliana mita 10. Wakachuchumaa, wakahesabu ardhini. Yule aliyebisha ndiye aliyemaliza wa kwanza: michikichi 147. Alisimama akautazama mchikichi kuanzia shina hadi kwenye makuti, kisha akageuka kutazama upande wa ziwa, kimya.

Nikaendelea na dagaa, jinsi wavuvi wanavyotoka usiku na karabai, taa zikawavuta dagaa juu, wavu ukapita chini yao. Hapo mama akanikatiza.

"Na mbalamwezi? Aliwaambia habari ya mbalamwezi?"

Nilifungua daftari. Lilikuwa na mstari ambao kila mwaka ulirudiwa mwishoni mwa andalio la somo hilo, na siku zote niliuona kama pambo tu: *Usiku wa mwezi mpevu wavuvi hulala nyumbani.* Nikamsomea. Nikaeleza kama nilivyowahi kumsikia akieleza, kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, dagaa wanatawanyika, hakuna faida ya kutoka.

"Baba yake alikuwa mtu wa dagaa," mama alisema, akiwaambia wale watoto, si mimi. "Siku nyingine zote humwoni usiku. Sasa mwezi ukikaribia kujaa, huyu alikuwa anaoga mwenyewe bila kuambiwa, anavaa shati, anakaa pale." Akaonesha kizingiti. "Anamngoja baba yake alale nyumbani."

Shemeji nyuma ya pazia alisema neno ambalo sikulisikia, na mama akaitikia, "Ndiyo, hata kwako alikuwa hivyo."

Mtoto mmoja alichukua kitambaa ili afute mlango, kama wanavyofuta shuleni. Mama akamwambia aache. Boksi la chaki lilibaki mkekani, na nilipokuwa naaga niliona ile ya bluu imo mfukoni mwa yule kijana mbishi.

Walinifungia dagaa wa chanja kilo nne kwa ajili ya walimu, pesa yangu wakaikataa, na kidumu cha mawese ambacho baadaye kilimwagika nusu behewani. Mama alinisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza mwezi utajaa lini. Akatazama juu, mwezi ulikuwa umeshatoka ingawa jua halijazama, akahesabu kwa vidole.

"Bado siku sita," alisema. "Ungekaa ukaona."

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya kesho yake.