Si ndiyo hiyo hiyo?

Mpwa wangu, yule wa gitaa, hakukusudia kuniudhi. Alisimama mbele ya Solina, sinthesaiza yangu ya nyuzi (kinanda cha umeme kinachoiga kundi la fidla), akasikiliza kordi moja mpaka ikaisha, kisha akasema, "Mjomba, hii mbona ninayo kwenye simu."

Nikamjibu, "Kwenye simu unayo picha yake."

Akanitazama kwa upole kabisa. "Si ndiyo hiyo hiyo?"

Akaitwa kula, na maongezi yakaishia hapo. Tangu siku ile dada amemaliza kuhama, kazini tumeletewa mkuu mpya wa idara, na mimi ningali palepale: si ndiyo hiyo hiyo? Naosha vyombo, nalisikia. Nafungua kifuniko cha kinanda kusafisha miguso, yaani nyaya na baa zinazogusana ufunguo ukibonyezwa, nalisikia tena. Linauma kwa sababu hakulisema kwa dharau. Aliuliza kwa nia njema, na sikuwa na jibu la kumpa kabla ubwabwa haujapoa.

Basi nianze na upande wake, maana ana haki kwa sehemu. Sauti ya Solina kabla haijafika kwenye ensembo, ile saketi ya ndani inayoifanya isikike kama kundi, ni nyembamba na kavu, kama ogani ya bei nafuu. Na kweli ni ogani. Eminent, kampuni ya Uholanzi iliyoanza kuitoa mwaka 1974, ilikuwa watengenezaji wa ogani, na Wamarekani waliijua kwa jina la ARP String Ensemble. Ndani ya sinthesaiza za nyuzi za aina hii hakuna osileta, yaani saketi inayozalisha mitetemo ya umeme, kwa kila ufunguo. Ipo moja kuu inayopiga kwa kasi kubwa, halafu chipu ya oktava ya juu inaigawa kasi hiyo kwa namba 12 tofauti ili zipatikane noti 12 za juu kabisa. Chukua MK50240, moja ya chipu zilizotumika sana kwa kazi hiyo. Osileta inapiga mara 2,000,240 kwa sekunde. Gawa kwa 239 unapata C, gawa kwa 253 unapata B, gawa kwa 284 unapata A ya Hz 7,043. Kila oktava ya chini inapatikana kwa kugawa kwa mbili. A hiyo ukiigawa kwa mbili mara nne unafika Hz 440.2. Hakuna noti inayokosea hata senti 2, yaani sehemu mbili za mia za nusu toni.

Ndiyo maana huwezi kuwa na noti moja iliyopoteza tyuni peke yake. Kitasa kimoja kinapandisha au kushusha kinanda kizima. Iache iwake dakika 15 hadi 20 kwanza, ndipo utyuni, kwa sababu osileta kuu husogea wakati saketi inapata joto. Ukisikia noti moja imekosea sana na nyingine ziko sawa, usihangaike na tyuni: huo ni ugonjwa wa mgawanyo.

Na ugonjwa wa mgawanyo unajieleza wenyewe ukijua pa kusikiliza. Kama C imekufa katika oktava zote, tafuta kwenye mguu wa C wa chipu ya juu, au kigawanyaji cha kwanza kinachopokea kutoka hapo. Kama C za juu zinalia lakini kuanzia oktava fulani kwenda chini zimekufa, kigawanyaji cha oktava ile ndicho kimekatika, na vyote vinavyokitegemea vimenyamaza pamoja nacho. Kama ni ufunguo mmoja tu, hapo chini ya kinanda: mguso mchafu, waya uliopinda, au diodi ya lango lake. Kama kinanda kizima ni kimya lakini ukizungusha sauti unasikia mvumo, anza na osileta kuu, kisha chipu ya juu. Nimeona watu wanang'oa chipu kumi kutafuta kosa lililokuwa kwenye waya mmoja wa mguso. Sikiliza kwanza, bisibisi baadaye.

Miguso yenyewe isikwanguliwe kwa msasa, hata ule laini. Ile ngozi nyembamba ya madini mazuri ikiondoka, kutu haikupi nafasi tena. Kata ukanda wa karatasi ngumu wa upana wa milimita tano hivi, uloweshe kwa alkoholi ya isopropili, upitishe katikati ya waya na baa huku ufunguo umebonyezwa kidogo sana, uvute taratibu. Karatasi ikitoka na mstari mweusi, rudia kwa ukanda mpya mpaka itoke safi.

Kabla ya hayo yote, umeme. Sinthesaiza iliyokaa bila kuwashwa kwa miaka isiwashwe hivi hivi. Chomoa plagi, angalia fyuzi ni ya ampea ileile iliyoandikwa, angalia kapasita kubwa za umeme kama zimevimba au zimetoa maji. Ukibadilisha, weka zenye thamani ileile ya mikrofaradi, volti ileile au zaidi, na usigeuze upande wa hasi. Baada ya kuwasha, pima volti za saketi na multimita ulinganishe na mchoro, kisha weka multimita kwenye volti za AC upime njia zilezile. Ukikuta makumi ya milivolti hapo, kapasita zimechoka, na utasikia mngurumo wa Hz 100 chini ya kila kitu (Hz 120 pale umeme ulipo wa Hz 60). Kwa wenye ARP Omni, sinthesaiza nyingine ya nyuzi, nasisitiza kapasita za tantalamu. Zinafahamika kwa kupiga shoti, na zikifanya hivyo zinanyamazisha sehemu nzima ya saketi.

Sasa nifike pale alipouliza.

Uhai wote wa sauti hii uko kwenye ensembo. Ishara iliyokauka inagawanywa njia tatu, kila njia inapita kwenye laini ya kuchelewesha, halafu zinaunganishwa tena. Laini hizo ni chipu ambazo wazo lake lilitoka kwa Sangster na Teer wa maabara ya Philips mwaka 1969: ishara inapokezanwa kutoka kapasita hadi kapasita, kama watu waliojipanga foleni wakipokezana ndoo za maji kuzima moto. Chipu inaendeshwa na saa, yaani mapigo ya umeme ya kasi moja, na kila mzunguko wa saa ndoo inasogea hatua mbili. Chipu yenye hatua 512, kama MN3004, ikipigwa na saa ya kHz 50 inachelewesha kwa milisekunde 5.12. Saa ikienda haraka, ucheleweshaji unapungua. Ikienda polepole, unaongezeka. Na kila ucheleweshaji unapobadilika, toni ya njia ile inapanda au kushuka kidogo.

Kinachozibadilisha saa hizo ni osileta mbili za polepole: moja ya takriban Hz 0.6, nyingine takriban Hz 6. Kila moja inatoa mawimbi matatu yaliyopishana kwa digrii 120, yaani theluthi ya mzunguko. Kwa hiyo njia moja inapopanda, mwenzake anashuka na wa tatu yuko njiani, na juu ya mwendo huo mpana kuna mtetemo mdogo wa haraka. Hapo ndipo ogani kavu inakuwa kundi la wapiga fidla.

Kuhakiki hilo si lazima uwe na osiloskopu, kile kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini. Tafuta multimita ya mshale, ile ya zamani. Igusishe kwenye tokeo la kwanza la osileta ya Hz 0.6: mshale utaenda na kurudi kila baada ya sekunde 1.7 hivi. Pima na tokeo la pili na la tatu. Upana wa mwendo uwe mmoja kote. Ukipata moja inasogea nusu ya wenzake, au imesimama, umepata kwa nini sauti yako inachechemea. Sikio nalo linajua: laini moja ikifa, ensembo haizunguki tena, inayumba tu kama pedali rahisi ya chorus ya gitaa. Kila laini ina trima yake, skrubu ndogo ya kurekebisha volti ya kuegemeza ishara. Ikikaa vibaya, noti za juu zinakwaruza unapobonyeza kordi kubwa. Kwa osiloskopu, ingiza wimbi safi la Hz 400 hadi 1,000, ongeza nguvu mpaka vichwa vianze kukatika, kisha zungusha trima mpaka vikatike sawasawa juu na chini. Fanya kwa zote tatu, na usiguse chipu hizo kabla hujagusa chuma kilichounganishwa ardhini. Zinauawa na umeme tuli wa nguo, na nyingi hazitengenezwi tena.

Si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana, na sasa naweza kusema kwa nini bila kukasirika. Sauti iliyo kwenye simu yake ilirekodiwa noti moja moja, kila noti na ensembo yake ndani. Akibonyeza kordi ya noti nne, anapata makundi manne ya wapiga fidla, kila moja likiyumba kivyake kuanzia sekunde aliyobonyeza. Kwenye Solina noti zote nne zinaingia kwenye laini tatu zilezile. Kordi nzima inapanda na kushuka kama mwili mmoja, na osileta za polepole hazijali umebonyeza lini. Zinazunguka hata mikono ikiwa mfukoni. Ukibonyeza C leo na C tena baada ya dakika, zinaingia mahali tofauti pa mzunguko.

Halafu kuna hili. Mara nyingi watengenezaji wa sauti hizo za simu hawarekodi kila ufunguo. Wanarekodi mmoja kila nusu toni tatu, kisha programu inaipandisha sampuli, yaani noti iliyorekodiwa, kufikia noti za jirani. Ukipandisha kwa njia ya kuikimbiza, kwa nusu toni mbili, kila kilichomo ndani kinaongeza mwendo kwa asilimia 12. Mtetemo wa Hz 6 unakuwa 6.7. Kwa hiyo ndani ya kordi moja kuna noti zinazotetemeka kwa kasi tofauti. Masikio yanachoka bila kujua yamechoshwa na nini.

Nilipofika hapo kichwani nilicheka kwa furaha, peke yangu, na uchungu ukaniisha. Swali lake lilikuwa zuri. Lingekuwa limenipita kama asingeliuliza, na kwa wimbo wenye ngoma nyingi na magitaa mawili ningemwambia tumia simu, inatosha. Ila akitaka kordi isimame peke yake muda mrefu, aje.

Akija nitamwonyesha kwa vidole, maana haya hayaelezeki mezani. Asipige kama piano. Atandaze kordi: noti moja chini kwa mkono wa kushoto, tatu juu, na nafasi wazi katikati. Asizing'oe zote anapobadilisha kordi. Noti inayopatikana katika kordi zote mbili ibaki imeshikwa, zisogee nyingine tu. Crescendo, kidhibiti cha sauti kuingia polepole, isogezwe mbele kidogo ili sauti iingie bila kugonga, lakini isizidi, la sivyo atachelewa nyuma ya ngoma. Noti zilizoachana kwa oktava hazimpi unene wowote, kwa sababu ya chini imegawanywa kwa mbili kutoka ya juu na haziyumbi moja dhidi ya nyingine. Unene autafute kwenye vipindi vya tatu na sita, kama C na E au C na A. Sauti ya kinanda iwe juu na ya mixa iwe chini, siyo kinyume chake, kwa kuwa mvumo wa zile laini uko palepale hata ukicheza kwa unyenyekevu. Akitaka kuzungusha zaidi, feza (phaser, kifaa cha kuzungusha sauti) ya polepole iwekwe baada ya kinanda, na isizidishwe.

Nimemtumia ujumbe aje Jumamosi na gitaa lake. Amejibu "Sawa mjomba, nitakuja," na hajasema neno kuhusu matokeo ya mtihani, ambayo dada anasema yametoka tangu juzi. Dada naye hataki kumuuliza, ananiambia nimuulize mimi. Sijui nitaanzia wapi.