Nilivyokitambua Kipuri cha Gari la Kivita la Ferret Kilichowashinda Mafundi wa Kirinyaga Road

Kipuri chenyewe ni vipande viwili vizito vya chuma vinavyoenea kiganjani, kimoja kikiwa na ulimi mnene na kingine kikiwa na mfuo unaoupokea ulimi huo. Nilivinunua katika soko la Gikomba jijini Nairobi kwa shilingi mia chache kutoka kwa muuza vyuma chakavu aliyejua jambo moja tu, kwamba vilitoka kwenye gari la kivita la zamani.

Ushauri niliopewa baadaye ulinikera sana. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road aliapa kwamba ni vya trekta, mwingine akashikilia kuwa ni vya breki, na wa tatu akawasha grenda asugue kutu “ndipo tuone vizuri”. Nilivichukua papo hapo nikaondoka. Alama zilizogongwa juu ya chuma ndizo cheti cha kuzaliwa cha kipuri, na grenda huzifuta kwa sekunde chache.

Mafuta ya taa yalilainisha grisi iliyoganda, lakini kutu haikutikisika. Ndipo nilipochukua ndoo ya plastiki, maji, magadi yale yale ya kupikia, na chaja ya betri ya gari. Kipuri hufungwa kwenye waya hasi, na waya chanya hufungwa kwenye bamba la chuma cha kawaida lililozamishwa majini bila kugusana na kipuri. Bamba hilo lisiwe la chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa kromiamu yake hugeuka sumu ndani ya maji, na kazi ifanyiwe nje, kwa sababu mapovu yanayopanda ni ya hidrojeni, ambayo huwaka. Kutu iligeuka tope jeusi lililotoka kwa brashi ya nguo, na chuma chenyewe hakikuliwa.

Hata hivyo, mchana sikuona herufi yoyote. Nilisubiri usiku, nikazima taa zote, nikailaza tochi karibu kabisa na chuma ili mwanga upite juu yake kwa ubavu, na kila shimo dogo likatupa kivuli. Kwanza ukajitokeza mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, kisha herufi FV, kisha tarakimu. Zile zilizofifia nilizipata kwa kutandaza karatasi nyembamba juu yake na kusugua penseli laini polepole, na furaha niliyoipata namba ilipokamilika siwezi kuificha.

FV ni herufi za magari ya kijeshi ya Uingereza ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kuhusu kazi ya kipuri, mzee mmoja wa leth, mashine ya kukereza chuma, huko Kariobangi ndiye aliyekaribia. Alivigeuza mkononi, akaniambia, “Kijana, kitu cha namna hii nilikifungua kwenye Land Rover za mwanzo kabisa.” Aina aliipata: hicho ni kiungo cha Tracta, kilichobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1920 na Jean-Albert Grégoire pamoja na Pierre Fenaille, ambacho hupeleka mzunguko sawasawa kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa kona, bila gololi hata moja. Aliyekulia kwenye viungo vya gololi hana sababu ya kukijua.

Ila namba haikuwa ya Land Rover. Niliitafuta katika nakala ya kitabu cha vipuri cha Ferret, gari lililoundwa na Daimler mjini Coventry kuanzia 1952 hadi 1971, nikaikuta kwenye mchoro wa magurudumu, ulimi na mfuo wake vikiwa vimepishana vile vile. Gari hilo halina chasi. Nguvu ya injini yake ya Rolls-Royce ya silinda sita hupita pande zote mbili za bodi hadi kwenye magurudumu yote manne, na ndiyo maana viungo hivi ni muhimu sana kwake.

Mchoro huo niliuchapisha nikampelekea yule fundi wa trekta. Aliuweka kando ya vipande vyenyewe, akalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu, akakubali.