Magamba Manne Dirishani

Leo ni tarehe 3 Machi, siku ambayo Wajapani huwaombea heri watoto wa kike, na mama wa nyumba ya pili, ambaye kwa kawaida tunaishia kuamkiana tu ngazini, amenigongea mlango na kuniletea bakuli la supu ya hamaguri, aina ya kombe wa baharini. Supu yenyewe ilikuwa maji meupe yenye chumvi kidogo, na ndani yake wamelala wawili waliofunguka kwa moto, kila mmoja na magamba yake mawili.

Nilipomaliza kunywa aliniambia nichukue gamba la huyu nilifunikie gamba la yule. Nikajaribu, nikageuza, nikajaribu tena. Yakapishana kwa uzi mwembamba tu, lakini hayakukubali. Gamba la hamaguri hulikubali pacha lake tu, ndiyo maana binti hunyweshwa supu hii ili ajaliwe mume wa kulingana naye. Zamani, katika nyumba za wakubwa, jozi 360 za magamba hayo zilichorwa picha kwa ndani, zikachezewa mchezo wa kutafuta mapacha, na kasha lake likabebwa katika msafara wa bibi harusi.

Hamaguri hukaa hama, ufuko wa mchanga. Ufuo wa mawe una jina lake, iso, na huko huishi awabi, aina ya konokono wa baharini, ambaye ana gamba upande mmoja tu, upande wa pili kaung'ang'ania mwamba. Basi mtu apendaye asipopendwa, Wajapani husema mapenzi yake ni ya awabi wa iso. (Mimi naona wamemwonea, kwani mwamba nao ni mwenzi.) Hata katika maandishi yao, hama huandikwa kwa alama ya maji na iso kwa alama ya jiwe.

Sisi pia tuna ufuko na mwamba, lakini neno letu kubwa ni pwani, linalotokana na kupwa kwa maji. Tumeuita ukanda mzima kwa jina la maji yanayoondoka, na nimeishi miaka yote hii bila kulifikiria hilo hadi leo, mbele ya bakuli la watu.

Magamba manne nimeyaosha na kuyaanika dirishani. Nimeyachanganya makusudi, nione kama asubuhi nitawatambua mapacha kwa macho kabla ya kuyafunika.