Mpe Jembe

Neno: Yeremia 29:4-7 na Walawi 19:34

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma lililopita tulikuwa Seme kwenye mazishi, na wengi wenu mlikuwa kwenye basi lile. Huenda hamkuona yaliyotokea nyuma ya nyumba, kule walikokuwa wakipikia. Mimi niliyaona kwa sababu nilitumwa kupeleka kuni, na tangu siku hiyo hayajanitoka moyoni.

Mnaijua familia iliyotujia kutoka Uholanzi: baba, mama na watoto wawili, wanaokaa huku Milimani, mjini Kisumu. Baba ana mkataba wa kazi wa miaka miwili. Walipofika tuliwapokea vizuri sana. Kila Jumapili wakawa na viti vyao vya mbele na soda inayowafikia kabla ya wazee. Mama akisema "oyawore", yaani habari za asubuhi kwa Kijaluo, kanisa zima linapiga makofi. Mambo ya kila siku nayo wakayazoea polepole: kununua tokeni za stima mapema, kufunga madirisha kabla ya magharibi kwa sababu ya mbu, kuanua nguo alasiri wingu jeusi linapotanda juu ya ziwa, kuuliza bei ya samaki wa ngege pale ufuoni Dunga kwa zaidi ya mchuuzi mmoja. Hata vitambulisho vya wageni wakapata, vile ambavyo sheria huwataka wageni wanaokaa zaidi ya siku 90 wawe navyo.

Mwezi wao wa tano hapa, mama huyo aliniambia kwamba mabegi mawili hawajayafungua bado. Yako chini ya kitanda. Na mtoto mdogo kila usiku kabla ya kulala huuliza imebaki miezi mingapi.

Nilirudi nyumbani nikafungua Yeremia. Watu wa Yuda wamehamishiwa Babeli, wanaota kurudi. Sura ya 28, nabii Hanania anaahidi kwamba ndani ya miaka miwili Mungu atavunja nira ya mfalme wa Babeli na kuwarudisha. Miaka miwili! Hiyo ndiyo habari ambayo kila aliye mbali na kwao anataka kuisikia. Kisha barua ya Yeremia inawafikia, nayo inasema miaka 70. "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Anawaambia waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule uliowachukua mateka. Bustani inataka msimu mzima wa kupalilia. Anayehesabu siku za kuondoka hashiki jembe, na Mungu alilijua hilo alipowaandikia watu wake kwanza habari za udongo.

Basi nikaanza kuandaa maneno ya kuiambia familia ile: fungueni mabegi, pandeni bustani. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Lakini ndugu zangu, bustani wapande wapi, kama sisi wenyewe hatujawapa jembe?

Sote tumekua na methali ile, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisema kama onyo kwa mgeni anayekawia kuondoka. Mimi sasa naisikia tofauti. Jembe hupewa mtu wa nyumbani. Ukimwachia mgeni kiti na soda mwezi wa kwanza, wa pili, wa saba, umemweleza bila kufungua kinywa kwamba hapa hapana kazi yake, na asiye na kazi nyumbani hana nyumba. Nakiri hapa kwamba ilikuwa rahisi kwetu. Soda ni ya dakika moja. Kumfundisha mtu kazi kunataka ukae naye.

Kule Seme mama yule wa Uholanzi aliwekwa kwenye hema, kiti cha plastiki, karibu na wachungaji. Mama mwenyekiti wa akina mama akatoka jikoni akipangusa mikono kwenye leso, akasimama mbele yake. "Nyathina, mwanangu, njoo. Kisu hiki hapa." Akampeleka kwenye karai la sukuma wiki za kulisha watu wale wote. Mama mgeni akakata nene mno. Mama mwenyekiti akamshika mikono, akamwonyesha namna ya kuyakunja majani pamoja na kuyabana kwa kidole gumba, kisu kipite karibu kabisa. Walikata hadi karai likaisha, kisha wakahamia kwenye kuosha masufuria, magoti kwenye majivu. Nilipopita tena na kuni, mama yule alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Jumatano akanipigia simu. Mabegi wameyafungua.

Wajaluo wana neno jadak. Ni mtu aliyetoka kwingine akapewa mahali pa kujenga na kulima katika ardhi ya wenyewe. Ni ukarimu mkubwa, lakini wazee wanajua upande wake wa pili: ugomvi ukizuka, jadak anaweza kukumbushwa hata baada ya vizazi kwamba hapa si kwao. Walawi 19:34 inakataa upande huo wa pili. Mgeni "atakuwa kwenu kama mzalia kwenu", na sababu ni kwamba Israeli nao walikuwa wageni Misri. Mzalia hapigiwi makofi kwa kusema oyawore. Mzalia akichelewa zamu yake anaulizwa alikuwa wapi.

Kwa hiyo tafadhali msishangae Jumamosi hii mkiona karatasi ya zamu ya kufagia kanisa na kuteka maji. Nimezungumza nao, nao wamekubali kwa furaha. Jina lao ni la tatu kutoka juu, baada ya familia ya Mama mwenyekiti na kabla ya yangu. Fagio ziko nyuma ya mlango wa ofisi. Tunaanza saa mbili.